Diski Imekufa, Data Imo Ndani: Maswali Tunayoulizwa Kila Wiki Kuhusu Kumpata Fundi wa Kuaminika

Ninatengeneza kompyuta Kariakoo, na ni nadra wiki ipite bila mtu kuingia dukani amekumbatia diski kama mtoto mgonjwa. Diski zenye hitilafu ya ndani sizifungui, sina maabara. Ninachowafanyia wateja hao ni kuzipima, kuwaelekeza, na mara nyingi kuwazuia wasiende kule walikokuwa wanakimbilia. Maswali yao yanafanana, basi nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa.

Diski imegoma ghafla. Nianze na nini?

Ichomoe. Usiiwashe tena ati uone kama itakubali.

Ndani ya diski kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake vinaelea vichwa vidogo vya kusomea. Kati ya kichwa na sahani pana nanomita chache tu; chembe ya moshi wa sigara ni kubwa kuliko nafasi hiyo. Kichwa kikipinda, kila mzunguko unakwangua utando wa sumaku, na utando huo ndio picha zako, ndio hesabu zako. Ukishakwanguliwa unakuwa unga, na unga hausomwi na maabara yoyote.

Windows ikikuuliza kama unataka kuifomati diski, jibu ni hapana. Ikianza yenyewe kuikagua na kuirekebisha, izime. Ukaguzi ule unapanga upya orodha ya mafaili ili diski itumike tena. Haujali mafaili yenyewe, na unaifanyisha kazi ngumu diski ambayo haina nguvu.

Kisha chukua karatasi uandike: Ilianguka? Umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo? Ilikuwa nzito siku kadhaa kabla ya kufa? Nani ameshaigusa, na alifanya nini? Karatasi hiyo itamsaidia fundi kuliko chochote utakachomweleza ukiwa na hofu.

Nitajuaje ni ugonjwa gani?

Kwa hakika huwezi, lakini sauti inasema mengi. Kama ulishaisikia kabla ya kuizima, kumbuka ilikuwaje.

Tik-tik-tik ya mfululizo, halafu inazima: vichwa. Mlio mwembamba wa bip-bip, au mvumo wa kitu kinachojitahidi kuzunguka kikashindwa: mara nyingi vichwa vimeganda juu ya sahani, au mota imekwama. Kimya kabisa, hata mtetemo hauusikii mkononi: anza kuishuku bodi, ile saketi iliyo nje ya diski, hasa kama umeme ulirudi vibaya au mtu alichomeka chaja ya laptopu ya volti 19 kwenye diski ya nje inayotaka 12. Hilo la chaja naliona zaidi ya unavyodhani, kwa sababu ncha zinaingiliana.

Ikiwa inazunguka vizuri lakini kompyuta inaisoma kwa jina la ajabu au inasema ukubwa wake ni sifuri, tatizo huwa kwenye programu ya ndani ya diski yenyewe. Na ikiwa inafunguka kama kawaida ila folda hazimo, basi mitambo huenda ni mizima na kilichoharibika ni mpangilio wa mafaili. Huyu wa mwisho ndiye mgonjwa mwenye nafuu.

Si nijaribu programu za bure kwanza?

Kama ulifuta faili kwa bahati mbaya na diski haina tatizo lolote, ndiyo. TestDisk na PhotoRec ni za bure na zinafanya kazi kweli. Masharti ni mawili: usiiweke programu kwenye diski ileile, na usihifadhi unachokipata kwenye diski ileile.

Kama diski inatoa sauti, inaganda, au inachukua dakika tano kufungua folda moja, hapana. Programu hizi hazijui kuwa diski inaumwa. Zikikutana na sehemu isiyosomeka zinairudia, zinairudia tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba inayoungua.

Hili nalisema kwa aibu. Nikiwa mwaka wa pili kazini, mwanafunzi wa uzamili aliniletea diski yenye tasnifu yake. Ilikuwa nzito lakini inasomeka. Nikaiwekea programu ya kutafuta mafaili, nikafunga duka, nikaenda nyumbani. Asubuhi nilikuta skrini imeandika asilimia 11 na diski iko kimya, ya moto. Kama ningeanza kwa kunakili sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kwa kipande, kwenda diski nyingine, nikianza na sehemu nzima na kuziacha mbovu mwisho, kama inavyofanya programu ya ddrescue, huenda angeondoka na kazi yake. Tangu siku hiyo sitafuti chochote kwenye diski ya mteja. Kwanza nakala, kisha natafuta ndani ya nakala.

Hicho pia ni kipimo cha fundi wako. Muulize: "Utafanyia kazi diski yangu au nakala yake?" Akikuangalia kama umeongea Kichina, chukua diski yako.

Wanasema niiweke kwenye friza. Au niigonge kidogo?

Diski ikitoka kwenye baridi ikaingia hewa ya Dar au Mombasa, unyevu unaganda juu ya sahani kama jasho kwenye chupa ya soda. Halafu unaiwasha. Kuigonga hata sizungumzii.

Fundi wa mtaani anaweza kuifanya, au lazima maabara?

Inategemea ugonjwa, na inategemea kama fundi anajua aishie wapi. Mtaani kuna mafundi wazuri sana. Mpangilio wa mafaili ulioharibika, diski iliyofomatiwa kimakosa, laptopu iliyokufa lakini diski yake nzima, waya mbovu wa diski ya nje: hizo ni kazi za siku moja, na hakuna sababu ya kumlipa mtu wa Ulaya kuzifanya.

Tatizo linaanza fundi anaposema, "Hii ni bodi tu, nitakubadilishia." Zamani iliwezekana. Diski za miaka ya karibuni zina chipu ndogo kwenye bodi inayobeba vipimo vya diski hiyo moja, vilivyoandikwa kiwandani: vichwa vyake vikoje, viitikie vipi. Ukiweka bodi ya diski nyingine, hata ya modeli ileile, vichwa vinapata maelekezo ya mtu mwingine. Lazima chipu ile ihamishwe kutoka bodi ya zamani, au yaliyomo yanakiliwe. Fundi anayejua atakwambia hilo bila kuulizwa, na bodi yako ya zamani hataitupa kamwe. Ukisikia "ile mbovu nilishaitupa", umepoteza kitu ambacho hakiuzwi duka lolote.

Kuna mtego mwingine kwenye diski za nje. Diski nyingi za WD My Passport zina soketi ya USB iliyochomelewa moja kwa moja kwenye bodi, na kinachoandikwa humo kinasimbwa, yaani kinafungwa kwa msimbo wa siri, hata kama wewe hukuwahi kuweka nywila. Fundi akiipita bodi ile na kusoma sahani kwa njia nyingine, anapata vurugu tupu, kisha anakuambia data imeharibika. Haijaharibika. Ametupa ufunguo akabaki na kufuli.

Na yule anayetoa bisibisi ya nyota na kuanza kufungua mfuniko juu ya kaunta, feni ikizunguka na vumbi la Msimbazi likiingia mlangoni? Mnyang'anye. Kwa adabu, lakini mnyang'anye.

Hicho chumba kisicho na vumbi kina umuhimu gani?

Kwa kazi ya kufungua diski, ni lazima. Kinachohitajika ni hewa iliyochujwa hadi daraja la ISO 5, ile iliyokuwa ikiitwa Class 100: chembe zisizozidi 100 za nusu maikroni au zaidi katika futi moja ya ujazo. Si lazima kiwe chumba kizima chenye watu waliovaa kama madaktari wa upasuaji. Maabara nyingi nzuri zinatumia meza yenye kabati la hewa safi inayovuma kuelekea kwa fundi, na inatosha.

Ila usidanganyike na picha. Kabati ni sehemu ndogo. Kazi nzito ni kupata diski mfadhili, yaani nyingine ya kutolewa vipuri, inayolingana na yako, kuvua vichwa vyake bila kugusana, kuvipachika kwenye yako, na kisha kuisoma diski ile dhaifu kwa chombo kinachojua kuacha na kurudi. Vifaa hivyo vina majina: PC-3000 ya ACE Lab na vile vya DeepSpar ndivyo utakavyovisikia zaidi. Mwenye navyo hana sababu ya kuficha. Muombe akuonyeshe, hata kwa simu ya video.

Nimuulize nini kabla ya kumwachia diski yangu?

Nitakusimulia badala ya kukupa orodha. Kijana mmoja mpiga video wa harusi alikuja na diski ya terabaiti 4 iliyoanguka kutoka mezani, tik-tik-tik. Harusi nne ndani, mbili hazijakabidhiwa. Tukapiga simu mbili, spika imewashwa.

Wa kwanza: "Leta tu kaka, zitarudi zote."

"Umeshaijua ni modeli gani?"

"Hizo tunazifanya kila siku. Leta na nusu ya hela."

Wa pili alianza yeye kuuliza. Ilianguka ikiwa imewashwa au imezimwa? Baada ya kuanguka umeiwasha mara ngapi? Kuna mtu ameifungua? Soma namba zilizo kwenye lebo. Kisha akanyamaza kidogo. "Kaka, kwa sauti hiyo ni vichwa. Kama sahani hazijakwanguliwa tuna nafasi nzuri, kama zimekwanguliwa nitakwambia na nitakutumia picha. Sitakupa bei kamili mpaka niione, lakini haitazidi kiasi hiki. Tafadhali usiiwashe tena."

Kijana akanigeukia. "Fundi, huyu wa pili mbona kama hana uhakika?"

Ndiyo maana nilimwambia aende kwa wa pili. Uhakika kabla ya kuiona diski ni biashara ya waganga wa kwenye nguzo za umeme. Anayejua kazi huuliza zaidi ya anavyojibu, hutaja kiwango cha juu cha bei, na hukueleza nini kitaharibu mambo.

Kwenye karatasi, taka haya: namba ya siriali ya diski yako iandikwe kwenye risiti, hali iliyofika nayo, nani atalipa vipuri, na kwamba diski haitafunguliwa bila idhini yako. Piga picha lebo na skrubu zote kabla ya kuikabidhi. Diski inaporudi, linganisha.

Kwa nini mmoja anataka laki moja na mwingine milioni tatu?

Kwa sababu huenda wanazungumzia kazi mbili tofauti, au mmoja wao anakupima mfuko. Bei ya haki inafuata ugonjwa, si idadi ya gigabaiti. Kurudisha mpangilio wa mafaili ni kazi ya programu na saa chache. Kubadilisha vichwa kunahitaji diski mfadhili, kabati la hewa safi na siku za kusubiri. Kwa maabara nyingi za Marekani na Ulaya inaanzia dola mia kadhaa na kuvuka 1,000 bila shida. Diski kubwa zilizojazwa gesi ya heliamu hupanda zaidi, maana hata kuzifungua ni shughuli.

Mfano wa namna mteja anavyoweza kukamuliwa. Mwaka 2008 hadi mwanzoni mwa 2009, diski nyingi za Seagate Barracuda 7200.11 zilikufa ghafla. Kompyuta haikuziona kabisa. Sahani zilikuwa nzima, vichwa vizima, data yote ipo. Ilikuwa kasoro ya programu ya ndani iliyoifanya diski ijifunge wakati wa kuwaka. Aliyejua aliunganisha nyaya chache kwenye bodi, akaandika amri kadhaa, diski ikaamka. Mteja asiyejua angeweza kulipishwa bei ya upasuaji kwa kazi ya nusu saa. Muulize fundi wako ugonjwa kwa jina, na umwambie aandike kwenye ankara.

"Hakuna data, hakuna malipo" ni kweli?

Wengi wanaosema hivyo ni wakweli, na ndio utaratibu ninaoupendekeza. Lakini soma chini ya maneno. Uchunguzi ni bure? Diski mfadhili ni juu ya nani kazi ikishindikana? "Data" ni nini? Nimewahi kuona ankara ya mtu aliyerudishiwa maelfu ya mafaili, karibu yote yakiwa aikoni za Windows na picha ndogo za tovuti. Kwa maandishi, mkubaliane mafaili gani ndiyo mafanikio: folda ya picha za 2019 hadi 2023, kitabu cha hesabu cha duka, chochote kile. Bila hayo mafaili, hakuna malipo.

Kulipia vipuri mapema si wizi. Diski mfadhili inanunuliwa, na ikishafunguliwa haina kazi tena. Kudai nusu ya gharama yote kabla hata lebo haijasomwa ndiko kunanipa shaka.

Wanajisifu wanafanikiwa kwa asilimia 98.

Asilimia 98 ya nini? Ukikataa diski ngumu na kuchukua nyepesi, hata mimi ninazo hizo.

Ofisi iko hapa mjini, lakini nahisi kazi inafanyika kwingine.

Huenda ni kweli, na si dhambi. Kuna wakala wanaokusanya diski Dar, Nairobi au Kampala na kuzituma Dubai, India, Afrika Kusini au Uingereza. Kosa ni kukuficha. Uliza waziwazi: diski yangu itafunguliwa mji gani, na nani? Ikipotea njiani nani anawajibika? Mnalipa ushuru wa kurudi au ni mimi? Anayejikanyaga kwenye swali hilo usimwachie.

Ukituma mwenyewe, mfuko wa kuzuia umeme tuli kwanza, kisha sponji au plastiki ya mapovu nene pande zote, kisha boksi gumu lenye nafasi ya kutosha kiasi kwamba ukilitikisa hausikii kitu kikigonga. Bahasha ya kawaida hapana. Kama kuna ndugu anasafiri, mkabidhi aibebe kwenye begi la mkononi. Waya na bodi ya kasha la nje vitume pia, kwa sababu niliyoieleza pale juu kuhusu usimbaji.

Wataona picha na nyaraka zangu?

Wataona baadhi, haiepukiki. Fundi lazima afungue mafaili kadhaa ajue kama ni mazima. Swali ni wanazifanyia nini. Kuna sheria sasa: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023; Kenya na Uganda zina zao za mwaka 2019, Rwanda ya mwaka 2021. Kama diski ina kumbukumbu za wagonjwa, za wanafunzi au za wateja wa benki, hilo si jambo la hiari tena. Taka mkataba wa usiri uliosainiwa kabla ya kukabidhi.

Taka pia tarehe ya kufutwa. Maabara nzuri inahifadhi nakala siku chache baada ya kukukabidhi, ili ukigundua kasoro irudie, kisha inafuta. Wiki moja au mbili inatosha.

Kama ulitumia BitLocker, ile kufuli ya Windows inayosimba diski, utahitaji ufunguo wa urejeshi, ile namba ndefu ya tarakimu 48. Mara nyingi iko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Bila huo, hata diski ikisomwa yote utapewa fumbo. Si lazima umpe fundi. Unaweza kumwambia akukabidhi nakala nzima ukaifungua mwenyewe nyumbani. Nywila ya barua pepe hahitaji kamwe, wala ya simu, wala ya M-Pesa. Usicheke, wapo waliotoa.

Je, SSD, zile diski za chipu zisizo na sahani?

Hapo habari ni fupi na chungu. Ukifuta faili kwenye SSD, mfumo huiambia diski kwamba nafasi ile haihitajiki tena, na diski inaisafisha yenyewe kimyakimya ikiwa tu ina umeme. Kwa hiyo ukikosea, zima mara moja. SSD iliyokufa ghafla inahitaji mtu mwenye vifaa vya aina ile ya chipu hasa. Uliza modeli yako kwa jina, usikubali "tunafanya SSD zote".

Mafaili yamefungwa na virusi vinavyodai fedha. Kuna kampuni inasema ina teknolojia yake ya kuyafungua.

Shika mfuko wako. Mwaka 2019 shirika la habari la uchunguzi la Marekani, ProPublica, lilieleza jinsi kampuni zilizowaahidi wateja teknolojia ya kisasa zilivyokuwa zikiwalipa wahalifu wenyewe, kisha zinamtoza mteja juu yake. Kabla ya yeyote, angalia No More Ransom, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama; unatoa vifunguo vya bure kwa virusi vilivyokwisha kuvunjwa. Kama chako hakimo, hifadhi diski ilivyo. Vifunguo vipya huongezwa.

Diski ililowa kwenye mafuriko. Niianike?

Usiianike, usiizike kwenye mchele. Maji yakikauka yanaacha tope na chumvi juu ya sahani, na hapo ndipo vichwa vitakapogota. Ifunge ikiwa na unyevu wake kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ipeleke maabara haraka. Usiiwashe.

Na usikate tamaa kwa sababu inatisha machoni. Chombo cha anga cha Columbia kilisambaratika juu ya Texas tarehe 1 Februari 2003. Miezi kadhaa baadaye, diski moja ya Seagate iliyokuwa ndani ilipatikana kwenye ziwa lililokauka, imeungua, imejaa udongo. Kampuni ya Ontrack ilisafisha sahani zake, ikazihamishia kwenye diski nzima, ikatoa takriban asilimia 99 ya data. Lilikuwa jaribio la kisayansi kuhusu gesi ya zenoni, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Sehemu ya sahani yenye data ilikuwa nzima, na hakuna aliyeiwasha njiani ili "aone kama itakubali".

Wameirudisha wanasema haiwezekani. Niamini?

Uliza sababu, na uombe picha. Sahani zilizokwanguliwa zinaonekana kwa macho: duara linalong'aa au kupauka juu ya kioo kilichopaswa kuwa safi kama maji. Ndani ya diski kuna kichujio kidogo cheupe, ukubwa wa ukucha, kinachokamata vumbi linalozungushwa na upepo wa sahani. Kikiwa cheusi, huo weusi ni utando uliokwanguliwa. Nimeona picha ya namna hiyo mara moja tu, ya diski niliyoipeleka mwenyewe. Sikuuliza zaidi.

Lakini "haiwezekani" wakati mwingine maana yake ni "sina kifaa" au "sina mfadhili". Hizo ni sababu zinazokubalika kupeleka kwa mwingine, mradi wa kwanza hakuharibu. Tazama skrubu: zina mikwaruzo mipya? Kibandiko cha kiwandani kimekatwa? Kuna alama ya kidole? Kama diski imefunguliwa bila wewe kujulishwa, maabara inayofuata iambie ukweli huo mwanzo kabisa, hata kama unaona aibu. Wataanza kwa kuisafisha badala ya kuiwasha.

Wamesema data imepatikana. Nikague nini kabla ya kulipa?

Omba orodha ya mafaili kwanza, yenye majina, ukubwa na tarehe. Ukilipa bila orodha unanunua mbuzi kwenye gunia. Tafuta humo yale mliyokubaliana. Angalia yenye ukubwa wa sifuri. Kisha, ana kwa ana au kwa kushirikiana skrini, wewe ndiye uchague ya kufunguliwa, asikuchagulie yeye. Chagua makubwa. Picha inaweza kuonekana nzima kwenye aikoni huku nusu yake ya chini ni kijivu. Video inaweza kuanza vizuri ikakatika dakika ya nne, kwa hiyo sogeza hadi katikati, sogeza hadi mwisho. Faili la hesabu lifunguliwe kwa programu yake hasa.

Yule mpiga video alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya laptopu yangu saa mbili akifanya hivyo, harusi moja baada ya nyingine. Tatu zilikuwa nzima. Ya nne, video ya ukumbini ilikatika kabla ya keki. Sekta zile hazikusomeka. Fundi wa maabara alikuwa ameshaiandika kwenye ripoti, ukurasa wa pili, pamoja na jina la faili. Kijana akalipa, akanakili kwenye diski mbili mpya alizokuja nazo, na ya zamani akaiomba irudi naye. Akatoka nje kumpigia simu bwana harusi.